Msumeno wa Injini Uliokwisha Tumika: Mambo ya Kuangaliwa Kabla ya Kutoa Fedha

Katika nchi ya Ndabibi, iliyo upande wa magharibi wa Ziwa Naivasha, chini ya vilima vya Eburru, kuni bado ndizo moto wa jikoni katika nyumba nyingi. Kuni ndizo zichemshazo maziwa alfajiri, ndizo ziivishazo githeri ya wanafunzi shuleni, na ndizo wazee waotazo moto wake usiku wa baridi ya mwezi wa Julai. Zamani kazi ya kukata magogo ilifanywa kwa shoka, au kwa msumeno mrefu uliovutwa na watu wawili, mmoja huku na mwenziwe kule. Siku hizi sauti isikikayo mashambani ni ya msumeno wa injini, ambao watu wengi huuita pawaso. Gogo lililowachosha watu wawili tangu asubuhi hata adhuhuri, mashine hii hulikatakata kwa muda mfupi sana.

Si ajabu, basi, kwamba wakulima wengi wanatamani kuwa na mashine ya namna hiyo. Lakini msumeno mpya una bei kubwa, na kwa sababu hiyo watu wengi hutafuta ule uliokwisha tumika. Wengine hupata mashine njema ambayo huwafaa kwa miaka mingi. Wengine huuziwa mbuzi katika gunia: mashine huwaka vizuri mbele ya muuzaji, na baada ya juma moja huwa ni chuma cha kuzuia mlango. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yafaa mnunuzi ajue jinsi ya kutofautisha hayo mawili kabla fedha hazijatoka mfukoni mwake.

JE, MITI YENYEWE IPO?

Swali la kwanza halihusu mashine, lahusu miti. Kabla ya kwenda kuitazama pawaso ya mtu, mkulima na azunguke shamba lake na kuhesabu miti aliyo nayo, tena atazame ni miti ya namna gani.

Katika Bonde la Ufa la kati kuni nyingi za porini hutokana na leleshwa, kile kichaka chenye majani ya rangi ya fedha na harufu kali. Leleshwa huota vishina vingi pamoja, navyo aghalabu si vinene. Kazi yake ni ya panga na shoka. Mtu akitumia msumeno wa injini kukata vijiti hivyo vyembamba, mnyororo huvinasa, ukavirusha na kumpiga navyo. Hali kadhalika matawi ya muwati na miti midogo ya mpakani hayahitaji injini.

Mikalitusi, yaani blugamu, ni jambo jingine. Mti huu uliletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, mnamo mwaka wa 1902, ili upatikane kwa wingi kwa kuni za magarimoshi ya Reli ya Uganda. Hukua upesi, na ukikatwa huchipua tena kutoka katika kisiki. Shina lake likikomaa huwa nene na gumu, na hapo ndipo faida ya msumeno wa injini huonekana. Saipresi na mgrevilia vilevile huwa na magogo ya kutosha kuipa mashine kazi.

Mkulima mwenye mikalitusi mia moja iliyokomaa, anayeuza kuni kwa shule na hoteli, ana sababu njema ya kununua mashine. Mwenye miti sita nyuma ya nyumba hana. Wako mafundi wanaozunguka na misumeno yao wenyewe, wakikata kwa ujira wa mti mmoja mmoja au wa siku. Aliye na miti michache atapata nafuu kubwa akimwita fundi wa namna hiyo mara moja kwa mwaka.

Jambo hili si la fedha peke yake. Msumeno wa injini ni kama ng'ombe wa maziwa: una njaa yake kila siku. Mtu akiisha kutoa fedha nyingi, hutaka mashine izirudishe; na miti yake mwenyewe ikimalizika, macho yake huanza kupanda mlimani kuelekea msitu wa Eburru. Hivyo ndivyo watu wasio na nia mbaya wanavyojikuta mbele ya hakimu.

JINSI MASHINE INAVYOFANYA KAZI

Mtu hawezi kukagua kitu asichokielewa. Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa umeme mwaka wa 1926, na miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1929, akatoa ule wa petroli. Mashine zile za kwanza zilikuwa nzito hata zikahitaji watu wawili. Mnyororo wake pia ulikuwa na taabu nyingi ya kunolewa. Mnamo mwaka wa 1946 Mmarekani mmoja mkata miti, Joseph Cox wa jimbo la Oregon, alimtazama funza wa mti akitafuna kisiki, akaona kwamba taya zake mbili hukata moja kulia na moja kushoto. Akatengeneza meno ya chuma kwa mfano huo huo. Minyororo ya leo, hata ile inayouzwa Naivasha na Nakuru, bado ina meno ya kulia na ya kushoto yanayofuatana.

Injini yenyewe ni ndogo, ina silinda moja na pistoni moja. Tofauti yake kubwa na injini ya gari ni kwamba haina oili ndani ya tumbo lake. Oili yake huchanganywa na petroli katika tangi, na mchanganyiko huo ndio unaolainisha pistoni. Mtu akitia petroli tupu, pistoni husugua silinda kavu kwa kavu, na katika muda wa dakika chache mashine hufa. Misumeno mingi iliyotumika inayouzwa kwa bei ya chini mno imepatwa na msiba huo.

Mnyororo huzunguka juu ya ubao mrefu wa chuma, ambao mafundi huuita baa. Unazungushwa na gia ndogo iitwayo sproketi. Mnyororo na baa hulainishwa kwa oili nyingine, iliyo katika tangi lake la pili. Basi mashine ina matangi mawili, na mtu asiyachanganye.

MUUZAJI NI NANI?

Mashine hizi ni nyepesi kubebwa na rahisi kufichwa, kwa hiyo hupendwa sana na wezi. Mnunuzi na aulize: Mashine hii ilinunuliwa wapi? Stakabadhi iko? Kwa nini unaiuza? Muuzaji wa haki hachukii maswali hayo. Anaweza kusema, "Mzee, nimeacha kazi ya mbao, mgongo wangu umechoka," na majirani zake watalithibitisha neno hilo. Asiyetaka kuonekana nyumbani kwake, bali apenda kukutana na mnunuzi njiani wakati wa jioni, aachwe aende zake.

Katika mwili wa mashine pana namba iliyopigwa na kiwanda. Namba hiyo ikiwa imekwanguliwa kwa tupa, hilo ni onyo la kutosha. Chini ya sheria za Kenya, mtu anayepokea mali ya wizi huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Kwa hiyo mapatano yaandikwe katika karatasi, yakiwa na namba ya mashine, bei, tarehe, sahihi za wote wawili, namba zao za kitambulisho, na majina ya mashahidi.

Tena ziko mashine za kuiga. Rangi huwa ni ile ile ya viwanda vyenye sifa kama Stihl au Husqvarna, na jina hubandikwa juu yake, lakini chuma cha ndani si kile. Jina lililobandikwa kwa karatasi na plastiki yenye kingo zilizochongwa ovyo ni dalili za kutiliwa shaka. Mashine ya kuiga inaweza kukata kuni kwa muda, lakini isinunuliwe kwa bei ya mashine ya asili.

KUKAGUA MASHINE IKIWA BARIDI

Neno la kwanza la kufanya mbele ya mashine ni kuigusa. Mnunuzi aweke kiganja chake juu ya silinda. Ikiwa ina joto, muuzaji ameiwasha kabla ya mgeni kufika, na huenda alifanya hivyo kwa sababu mashine ni ngumu kuwaka asubuhi. Basi mnunuzi aketi, anywe chai, angoje hadi ipoe kabisa. Haraka ya saa moja inaweza kuwa hasara ya mwaka mzima.

Kisha, swichi ikiwa imezimwa, avute kamba ya kuwashia polepole. Mkono usikie ukinzani, kama mtu anayepandisha ndoo kisimani na kuhisi uzito wake, mara ukaachia, mara ukashika tena. Kamba ikija laini pasipo ukinzani wowote, pistoni na silinda zimekwisha chakaa. Fundi mwenye kipimo cha mgandamizo anaweza kuhakikisha kwa tarakimu: ikiwa ni chini ya ratili 100 kwa kila inchi ya mraba, injini imechoka, wala kusafisha kabureta hakutaiponya.

Baada ya hapo plagi ifunguliwe. Rangi ya hudhurungi isiyokolea ni rangi ya afya. Ikiwa nyeusi yenye mafuta, oili imezidi au chujio la hewa limeziba. Ikiwa nyeupe, injini imekuwa ikipata joto kupita kiasi, na hilo ni jambo baya zaidi.

Lipo tazamo moja ambalo lina thamani kuliko mengine yote. Ekzosi ya msumeno hushikwa kwa skrubu chache tu. Ikifunguliwa, tundu huonekana, na kwa kumulika tochi mtu ataona ubavu wa pistoni. Pistoni nzima huwa laini na yenye kung'aa. Ikiwa ina michirizi ya kusimama, kana kwamba paka ameikwangua kwa kucha, mashine hiyo iliwahi kuendeshwa bila oili. Muuzaji akikataa ekzosi isifunguliwe, jawabu limekwisha patikana.

Mnunuzi aendelee na vitu vya nje. Atazame baa kutoka nchani, jicho moja likiwa limefumbwa, kama seremala atazamavyo ubao, aone kama imepinda. Aushike mnyororo na kuulaza upande: ukilala sana, mfereji wa baa umepanuka. Sproketi ikiwa imechimbwa na mnyororo kwa kina cha kupita nusu milimita, ibadilishwe. Meno ya mnyororo yakiwa yamenolewa hata yakabaki chini ya milimita 4, yamefikia mwisho wake. Vitu hivi vitatu vyote hupatikana madukani, wala kuchakaa kwake si sababu ya kuikataa mashine. Ni sababu ya kupunguza bei.

Lakini breki ya mnyororo ni jambo lisilo na msamaha. Ni ule mkono wa plastiki ulio mbele ya mpini wa juu. Ukisukumwa mbele, mnyororo husimama papo hapo. Breki iliyovunjika, au iliyoondolewa kwa sababu "inasumbua", ni lazima itengenezwe kabla ya mashine kukata hata kijiti kimoja. Iko misumeno ya zamani iliyotengenezwa bila breki hiyo, na mtu anayeanza kujifunza asinunue mojawapo ya hiyo.

KUIWASHA NA KUIJARIBU

Sasa mashine iwashwe na muuzaji mwenyewe, ikiwa imewekwa chini mahali palipo imara. Mashine nzima huwaka baada ya kuvutwa mara chache. Ikiachwa ingurume polepole, mnyororo usizunguke. Ukizunguka wenyewe bila kushikwa mafuta, ama kabureta haikurekebishwa, ama klachi imeharibika.

Mashine ikiwa inanguruma polepole, ilazwe upande mmoja, kisha wa pili. Sauti isibadilike sana. Ikipanda juu ghafula kana kwamba mtu amekanyaga mafuta, hewa inapenya mahali isipotakiwa, na injini ya namna hiyo hujichoma yenyewe.

Halafu ncha ya baa ielekezwe kwenye gogo jeupe au karatasi, kwa umbali wa kama shubiri moja, mashine ikizungushwa kwa nguvu. Mstari mwembamba wa oili uonekane. Usipoonekana, pampu ya oili haifanyi kazi, au njia yake imezibwa na vumbi la mbao.

Mwisho ni kukata. Gogo nene likatwe, wala si tawi. Mnyororo mkali hutoa vipande vya mbao mithili ya pumba nzito. Mnyororo butu hutoa unga. Mashine ikivuta mkato upande, meno ya upande mmoja ni mafupi kuliko ya pili au baa imeliwa. Kazi iendelee kwa muda wa dakika kumi, kisha mashine izimwe, watu wazungumze kidogo, na iwashwe tena. Hapa wauzaji wengi huumbuka, kwa maana ziko mashine ambazo huwaka vizuri zikiwa baridi, lakini zikiisha pata moto hukataa kata kata. Mashine inayokataa kuwaka tena itamwacha mwenyewe msituni na gogo nusu.

PETROLI, OILI NA VUMBI

Mashine nyingi za siku hizi hutaka sehemu 1 ya oili ya tu-stroki kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa kila lita. Katika mtungi wa lita 5 hutiwa mililita 100. Mashine za zamani nyingi zilitaka sehemu 1 kwa 25, yaani mililita 40 kwa lita. Mnunuzi asome kitabu cha mashine yake, na kama kitabu hakipo, amwulize fundi anayeijua aina hiyo. Kupima kwa kukisia kwa kifuniko cha chupa kumeua mashine nyingi. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi mmoja huharibika. Afadhali uchanganywe kidogo kidogo.

Kwa tangi la mnyororo, watu wengine hutia oili chafu iliyotolewa katika gari. Oili hiyo ina vumbi la chuma ndani yake, nayo hula pampu na baa. Tena humrukia mtu mikononi na usoni, na si salama kwa ngozi.

Ndabibi ina mambo yake mawili ambayo mnunuzi anayetoka mbali hayajui. La kwanza ni vumbi. Udongo wa nchi hii ni wa majivu ya volkeno za kale, mwepesi na mkali kama msasa. Gogo likiburutwa chini, vumbi hilo huingia katika gome, na mnyororo hupoteza makali upesi. Kwa hiyo gome lipigwe brashi kwanza, gogo liinuliwe juu ya vipande vya mti, na chujio la hewa lisafishwe kila siku ya kazi.

La pili ni mwinuko. Ziwa Naivasha lenyewe liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya Ndabibi yako juu zaidi. Hewa ya juu ni nyepesi. Mashine iliyorekebishwa Mombasa, ikiletwa Ndabibi, hunywa petroli kupita kiasi na kutoa moshi mwingi, ijapokuwa haina ugonjwa. Fundi huipunguzia petroli kwa kugeuza skrubu ya kabureta. Na iliyorekebishwa Ndabibi ikipelekwa pwani, lazima irekebishwe tena, la sivyo injini itapata petroli na oili chache na kuungua.

HESABU YA FEDHA

Bei inayotajwa na muuzaji si bei ya mashine. Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za kufundishia tu. Mkulima ananunua msumeno kwa Shs. 25,000/-. Mnyororo, baa na sproketi mpya zinamgharimu Shs. 7,000/-. Kofia ngumu, miwani, glavu na buti zinamgharimu Shs. 6,000/-. Jumla ni Shs. 38,000/-, na petroli bado haijatiwa.

Ikiwa kwa mwaka hukata miti minne tu kwa kuni za nyumbani, na fundi wa kukodiwa hutaka Shs. 1,000/- kwa mti mmoja, mkulima huyu angelipa Shs. 4,000/- kwa mwaka. Itampasa kungoja zaidi ya miaka tisa ndipo mashine yake irudishe fedha zake, na katika miaka hiyo itataka mnyororo mara nyingi.

Lakini nyumba tano za jirani zikishirikiana, kila moja ikiwa na miti minne, hesabu hubadilika. Ujira wa miti 20 ni Shs. 20,000/- kwa mwaka, na mashine hujilipa baada ya miaka miwili hivi, mbali na petroli na matengenezo. Ushirika wa namna hii hufaa ukiwa na masharti: mashine ikae kwa mtu mmoja, iendeshwe na watu wawili tu waliofundishwa, na kila kazi iandikwe katika daftari. Mashine ya wote isiyokuwa na mlinzi hufa upesi kuliko mashine ya mtu mmoja.

SHERIA YA MISITU

Msitu wa Eburru ni sehemu ya misitu ya Mau. Ni chanzo cha maji yaendayo upande wa maziwa ya Naivasha na Elementaita, na ni mojawapo ya makao machache yaliyobaki ya bongo wa milimani, mnyama ambaye porini hapatikani ila Kenya. Mwaka wa 2014 uzio wa umeme uliozunguka msitu huo ulikamilika.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 yakataza mtu kukata mti katika msitu wa serikali pasipo kibali. Tena, na hili watu wengi hawalijui, yakataza hata kuingia na msumeno wa injini ndani ya msitu huo bila kibali. Haidhuru kwamba hakuna mti uliokatwa. Kukutwa na mashine begani ni kosa peke yake. Mtu anayekatiza njia ya msituni aende kazini shambani kwa rafiki yake na alikumbuke neno hili. Wananchi wanaohitaji kuni zilizokauka na kuanguka huuliza ruhusa kwa maofisa wa Shirika la Huduma za Misitu la Kenya na kulipa ada iliyowekwa.

Mwezi wa Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Mwezi wa Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kuondoa marufuku hayo, na jambo hilo likafikishwa mahakamani. Habari hizi zaonyesha kwamba amri za misitu hubadilika. Kwa hiyo hata mwenye miti yake mwenyewe, akitaka kuikata kwa biashara na kuisafirisha barabarani, aende kwanza kwa chifu na katika ofisi ya misitu iliyo karibu, aulize ni vibali gani vinavyotakiwa siku hiyo.

MWILI HAUNA SPEA

Mashine ikiharibika, sehemu zake hununuliwa dukani. Paja la mtu haliuzwi. Mnyororo ukizunguka kwa nguvu hupita zaidi ya mita 20 kwa kila sekunde. Kabla mtu hajapata kusema "aa", mfupa umekwisha kufikiwa.

Hatari kubwa kuliko zote ni teke la mashine. Sehemu ya juu ya ncha ya baa ikigusa gogo jingine au ardhi, mashine yote huruka juu na kurudi nyuma kuelekea uso wa anayeishika. Kwa sababu hiyo mpini ushikwe kwa mikono miwili, kidole gumba cha mkono wa kushoto kikiuzunguka mpini wa mbele; mtu asimame kando kidogo ya mstari wa baa; asikate kamwe kwa ncha, wala juu ya mabega yake, wala akiwa juu ya ngazi. Akihama kutoka gogo moja kwenda jingine, afunge breki. Na safari ikiwa ndefu, azime injini.

Masikio yazibwe, maana kelele yake hupita desibeli 100, na uziwi huja polepole bila kuumiza. Watoto wakae mbali, hata kama wanapenda kutazama. Tena mtu asikate peke yake mahali ambapo kilio chake hakitasikika. Aliyenunua mashine bila kujua kuitumia na amlipe fundi siku mbili au tatu za kumfundisha. Ujira huo ni sehemu ya bei ya mashine.

Na mkulima asisahau kwamba msumeno hukata kuni, lakini haukaushi. Mti mbichi waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto wake ni moshi na machozi. Magogo yaliyokatwa na kupasuliwa kwa shoka na kabari, yakapangwa juu ya vijiti mahali penye upepo na kufunikwa juu, huhitaji miezi kadhaa kukauka. Kuni kavu huivisha chakula kwa kiasi kidogo zaidi, na hivyo miti michache hukatwa. Anayepanda miche miwili mahali pa kila mti alioukata atakuwa na kazi ya kuipa mashine yake miaka ijayo, katika shamba lake mwenyewe, pasipo kuutazama mlima kwa jicho la tamaa. Tahadhari kabla ya hatari.